Swali la Saba

Jumanne ni siku ya damu.
Hivyo ndivyo tunavyoiita hapa Swansea,
kliniki ya ghorofa ya pili, mlango wa buluu,
mvua ikigonga dirisha ubavuubavu
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Bi Nyamizi Kasanda, miaka sitini na minane.
Moyo wake una vali ya chuma;
ukikaa naye kimya utaisikia, ti, ti, ti,
saa aliyoimeza.

Miezi kumi na minne damu yake ilitushinda.
Mwezi huu nzito: tunaongeza warfarini.
Mwezi ujao nyepesi, fizi zinavuja,
tunapunguza, inakuwa nzito tena.
Daktari Pritchard akachora grafu, milima na mabonde,
akasema, labda anasahau vidonge.
Bi Nyamizi akafungua mkoba,
akatoa kasha lenye vyumba saba,
kila chumba kitupu kwa siku yake.
"Nimelea watoto tisa," akaniambia kwa Kiswahili,
"hakuna aliyekosa uji wake kwa saa yake.
Kidonge ndicho kitanishinda?"

Fomu yetu ina lugha mbili,
Kiwelshi juu, Kiingereza chini,
na swali la saba linauliza kwa adabu zote mbili:
je, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?
Mara kumi na nne ameulizwa.
Mara kumi na nne, hapana.
Ile hapana niliiandika mimi, mfamasia,
kwa mkono wangu, mwandiko mzuri.

Sijui nini kilinifanya siku ile
niweke kalamu chini. Njaa, nadhani.
Ilikuwa saa saba, sijatia kitu tumboni,
nikamuuliza kama anavyoulizwa jirani:
jana mlikula nini?

Ugali. Samaki wa dukani, hana ladha.
Na mlonge.

Mlonge?

"Unga wa majani. Mpwa wangu huuleta kutoka Tabora,
kilo mbili, kaufunga ndani ya soksi.
Ukiisha, nangoja mwingine aje."

Mbona hukusema?

Akanitazama kama mtu aliyeuliza
maji yanalowesha kwa nini.
"Mmeniuliza dawa. Mlonge mboga."

Nikamwomba tarehe, akazihesabu kwa vidole.
Mpwa alifika Februari: damu nzito.
Unga ukaisha Aprili: fizi.
Harusi ya Juni, masanduku matatu: nzito kama uji.
Milima ya daktari ilikuwa ratiba ya ndege.
Jani lina vitamini K, linavuta huku,
kidonge kinavuta kule,
fahali wawili,
na nyasi ni mwili wa mama wa watu.

Hatukumkataza. Niliandika kwenye kadi:
kijiko kimoja, kila siku, kile kile.
Usizidishe kwa furaha ya wageni,
usipunguze kwa ubahili.
"Na sanduku likichelewa?"
Nipigie simu kabla soksi haijalegea.
Akacheka mpaka vali ikasikika.

Sasa tuna utafiti. Wagonjwa arobaini na mmoja,
Wabengali, Wasomali,
na bibi mmoja wa Gower, mzaliwa wa pale pale,
ambaye kila asubuhi hukaanga mwani kwa mafuta ya nguruwe
na hakuwahi kututajia.
Angetaja vipi? Ni kifungua kinywa.
Swali la saba tumelikata. Mahali pake:
kwenu mnapika nini, na kikiisha mnafanyaje?
Mhakiki wa kwanza ametujibu
kwamba swali hilo halipimiki.
Huenda.

Jana usiku nilimpigia mama yangu, Korogwe.
Sukari yake inashuka alfajiri, anatetemeka,
na daktari wake hajui sababu.
Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?
"Hapana, mwanangu. Hizi hizi za hospitali."
Mfamasia mzima, na shahada ukutani,
nimerudi swali la saba.

Nikanyamaza.
Nyuma ya sauti yake kifuniko cha sufuria
kilikuwa kinacheza, kinacheza.

Mama, nikasema,
nini hicho jikoni?